Somo la Mwezi: Mama Monika na Kikombe cha Divai



Somo letu la mwezi huu limetokana na madaftari mawili. Wengi wenu mnakumbuka kwamba baada ya Pasaka wazee wa kanisa walituomba tukusanye shuhuda za watu wa mtaa wetu walioacha ulevi, ziandikwe na kutunzwa, zisipotee pamoja na waliozisema. Tulifurahi sana, tukaenda nyumba kwa nyumba na kalamu. Katika miezi mitatu tulipata madaftari mawili tu yaliyoandikwa hadi mwisho. Tulipoketi kuyasoma tuliona jambo ambalo hatukulitazamia, na ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi.

Daftari la kwanza ni la ndugu mmoja ambaye sote tulipenda kumsikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya kanisa mara nyingi, na kila mara sisi tulisema Amina kwa sauti kubwa. Tena ni sisi tuliokuwa tukimwita asimame. Katika daftari lake mlikuwa na gongo nyingi, ugomvi wa kilabuni, usiku wa kulala kando ya reli, mishahara iliyokwisha kwa siku moja. Kisha siku moja, ghafula, yote yakaisha. Mkewe alikuwa ametajwa mara moja tu, kwa hiyo tuliona ni adabu asome kabla hatujaliweka. Alisoma kimya mpaka ukurasa wa mwisho, akalifunga, akasema, "Huyu mtu aliyeandikwa humu simjui." Hakusema kwamba ni uongo. Alisema hamjui. Majuma machache baadaye ndugu yetu alirudia pombe, nasi tukabaki tukijiuliza kama Amina zetu hazikuwa na sehemu katika jambo hilo.

Je, ni kitu gani kinachofanya ushuhuda wa mtu aliyefunguliwa uaminike? Si wingi wa machozi, wala si ukubwa wa dhambi. Tuliona heri tumwendee mwalimu wa zamani, aliyeandika kitabu cha maisha yake mwenyewe kabla ya wengine wote tunaowafuata katika kazi hii. Ni Mtakatifu Augustino, na kitabu chake huitwa Maungamo.

Mtu asidhani kwamba tunakwenda mbali. Augustino ni Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 Tagaste, mji ambao siku hizi huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Aljeria. Aliandika Maungamo yapata mwaka 397 na miaka iliyofuata, akiwa tayari ni Askofu wa Hipo, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Kitabu kizima kina sehemu kumi na tatu. Hatuwezi kuzipitia zote, nasi tutakaa hasa katika sehemu ya tisa, sura ya nane, ambapo anasimulia habari ya mama yake na divai.

Habari yenyewe ni hii. Monika alipokuwa msichana, wazazi wake walikuwa wakimtuma ghalani kuteka divai katika pipa. Huko nyumbani alikuwako yaya mzee, mtumishi aliyeheshimiwa sana, ambaye zamani alimbeba mgongoni baba yake Monika alipokuwa mtoto mchanga, kama vile wasichana wetu wanavyowabeba wadogo zao. Huyu bibi alikuwa mkali. Hakuwaruhusu mabinti kunywa hata maji nje ya saa za chakula. Sababu yake ilikuwa ya akili: siku hizi wanakunywa maji kwa kuwa divai haiko mikononi mwao, watakapoolewa na kushika funguo za ghala, maji watayadharau, lakini mazoea ya kunywa ovyo yatabaki palepale.

Pamoja na ulinzi huo, kitu kidogo kilipenya. Monika alipochota divai, kabla ya kuimimina katika chombo, aligusisha ncha ya midomo. Augustino asema wazi kwamba hakuipenda hata kidogo. Ladha yake ilimchukiza. Alifanya kwa utundu tu wa ujana. Lakini kesho yake aliongeza tone, na keshokutwa tone jingine, hata ikafika siku alipokuwa akigugumia vikombe vilivyokaribia kujaa.

Na aliponaje? Hapa ndipo tunapowaomba msome polepole. Hakupona kwa mahubiri. Yule bibi mkali hakugundua neno. Kijakazi aliyekuwa akifuatana naye ghalani aligombana naye siku moja wakiwa wawili peke yao, na kwa hasira akamtupia tusi: akamwita mlevi. Neno lile likamchoma Monika. Akajitazama, akaona uchafu wa jambo lenyewe, akaliacha papo hapo.

Habari yote haizidi kurasa mbili, lakini tazameni jinsi ilivyoandikwa. Kwanza, mwandishi hakukuza kitu. Monika alikuwa amekwisha kufariki, huko Ostia, mwaka 387, na mwanawe alimheshimu kuliko mtu yeyote duniani. Hakuna aliyemwuliza habari za ghalani. Mtu mwingine angezificha. Na mtu wa namna ya tatu, ambaye twamjua sana siku hizi, angezipamba, amfanye mama yake mlevi wa kutisha ili wokovu uonekane mkubwa zaidi. Augustino hakufanya hivi wala vile. Alipima dhambi ya mtoto kwa kipimo cha mtoto: ncha ya midomo, tone, kikombe. Na kwa kuwa ametupa vipimo vyenyewe, tunaamini. Sisi tulioonja mboga jikoni kwa mama zetu tunajua kabisa ncha ya midomo ni nini.

Pili, ushindi hakuutia mkononi mwa mama yake, wala mwake mwenyewe. Ameutia katika kinywa cha kijakazi. Tena haficha kwamba kijakazi hakukusudia mema; alitaka kuumiza, si kuponya. Augustino anaongeza neno ambalo lilitufanya tuinamishe vichwa: kwamba rafiki wanaotusifu hutupotosha, na adui anayegombana nasi mara nyingi hutunyosha. Kama tungelijua neno hilo kabla ya kumwita ndugu yetu mbele mara ya nne!

Kwa hiyo tunaona kwamba mwandiko wa mtu na tabia yake havitengani. Mtu akijisimulia, kila sentensi inatuonyesha amesimama wapi. Je, amesimama juu ya sanduku ili tumwone? Augustino amesimama na mgongo wake kuelekea kwetu, maana kitabu chote ni sala. Anaongea na Mungu, nasi twasikiliza kwa pembeni. Mtu anayeongea na yule ajuaye yote hana haja ya kutia chumvi. Hawezi hata kumdanganya kwa kunyamaza.

Sasa turudi Tabora, maana kuna neno jingine katika kitabu hiki ambalo watu wa mji wetu wanaweza kulielewa kuliko wasomi wa Ulaya. Katika sehemu ya nane Augustino anaeleza kwa nini alishindwa miaka mingi kuacha maisha yake ya zamani. Asema alifungwa mnyororo, wala si chuma cha mtu mwingine, bali chuma cha nia yake mwenyewe. Nia ilipopotoka ikazaa tamaa. Tamaa ilipotumikiwa ikawa mazoea. Na mazoea yalipokosa kupingwa yakawa lazima. Pete imeingia ndani ya pete, ndio mnyororo.

Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa mnyororo. Njia ya misafara kutoka Ujiji na nchi za ng'ambo ya Tanganyika ilipita mahali petu hapa, ikateremka mpaka Bagamoyo, na pembe za ndovu na watumwa walipita humo. Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 kwa miezi sita hivi, akingoja wapagazi, na nyumba ya tembe inayoonyeshwa huko mpaka leo ni makumbusho. Wengi wenu mmewapeleka watoto. Basi mtu wa Tabora akisoma neno la mnyororo katika Augustino hafikirii mfano tu. Anaona shingo ya mtu.

Lakini tusichanganye mambo. Mtumwa aliyepita hapa amefungwa hakujifunga, na ni dhambi kumfananisha na mlevi kana kwamba alitaka. Augustino mwenyewe amepambanua: ndiyo maana alisema chuma chake si cha mwingine. Hata hivyo mtu wa pombe naye asihukumiwe upesi, maana siku hizi waganga wanatufundisha kwamba pombe ya miaka mingi hubadili hata ubongo na mwili, ikawa ugonjwa hasa. Na hapa mwandiko wa ushuhuda unaweza kuua. Tunasema hivyo bila kutia chumvi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafula, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kuanguka na degedege, hata kufa. Mtu wa namna hiyo sharti apelekwe Kitete au kituo cha afya kilicho karibu, aache chini ya uangalizi. Sasa fikirini: ndugu anasimama kanisani anasema, "Niliacha siku moja, sikuona neno," kumbe nyumbani mkewe alimshika siku tatu akitetemeka kitandani. Mwingine aliyekaa benchi la nyuma anamsikia, anakwenda kujifungia chumbani peke yake. Monika aliacha papo hapo, ndiyo, lakini alikuwa msichana wa vikombe vichache. Ndiyo sababu vipimo vina maana.

Kuna mtu mwingine katika Maungamo, Alipio, rafiki wa Augustino. Ulevi wake haukuwa wa pombe, ulikuwa wa macho. Kule Kartago alitekwa na mashindano ya magari ya farasi, akaponywa na neno ambalo Augustino alilisema darasani bila kumkusudia yeye. Kisha akaenda Rumi, wenzake wakamvuta kwa nguvu mpaka uwanja ambapo watu waliuana kwa kufurahisha watazamaji. Alipio akafumba macho, akajisifu moyoni kwamba mwili uko pale lakini yeye hayuko. Umati ukapiga ukelele, akafumbua macho kidogo tu aone kuna nini. Na tangu saa ile akawa mmoja wao, akarudi tena, akawavuta na wengine. Augustino aliandika hayo Alipio akiwa hai, tena akiwa Askofu wa Tagaste! Tungependa kujua kama tungethubutu kuandika hivyo habari za askofu katika jarida letu. Tunadhani hapana. Lakini walio na rafiki aliyeacha gongo akaingia katika kamari watafahamu mara moja kwa nini Augustino hakuishia pale Kartago, ambapo hadithi ingekuwa nzuri zaidi.

Hata mlevi mwenyewe yumo kitabuni, wa divai kabisa. Ni mwombaji wa barabarani Milano. Augustino alikuwa akienda kutoa hotuba ya kumsifu Kaisari, hotuba ya uongo mwingi kama asemavyo mwenyewe, moyo unamwuma kwa wasiwasi. Akamwona yule maskini amelewa, anacheka. Hakumcheka, wala hakumtolea somo. Alijipima naye, akaona kwamba ulevi wa yule utakwisha usiku uleule kwa usingizi, lakini ulevi wake yeye wa kutafuta sifa atalala nao na kuamka nao siku nyingi. Mwandishi asiyemdharau mlevi ndiye anayeweza kuandika habari za ulevi.

Labda mtu atasema, hivyo ni vya kale na vya Kilatini. Sisi Waswahili tuna kitabu gani? Tunacho, na kinapita Tabora. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao hapa, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Brode, Mjerumani, akayachapisha mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwa lugha ni kitabu kitamu, kikavu na chepesi. Tunawashauri vijana wakisome. Lakini chote kinatazama nje. Alikwenda huku, akapigana, akapata pembe kiasi hiki, akarudi. Hatumlaumu kwa kukosa toba kitabuni, maana hakukusudia kuandika kitabu cha toba. Tatizo ni letu, tunaodai kutubu na huku tunaandika kwa mtindo wake. Daftari lile la kwanza lilikuwa hivyo hasa: safari, vita, hesabu ya mali iliyopotea, na shujaa mmoja anayerudi mzima. Wapagazi hawana majina.

Wenzetu wa Marekani walilitambua hatari hiyo. Chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, kwa watu wawili, mfanya biashara na daktari. Na kasisi mmoja wa kanisa la Anglikana la huko, Samuel Shoemaker wa New York, aliwafaa sana kwa mafundisho. Mwaka 1939 walitoa kitabu chenye masimulizi ya walioacha. Utaratibu wao ni mwepesi: tulikuwaje, lilitokea nini, sasa tukoje. Na hawakuweka majina yao kamili. Wengine hudhani ni kwa ajili ya aibu tu. Ni kwa ajili ya kiburi pia, maana mtu asiye na jina hapigiwi makofi.

Na kwetu, Uamsho ulipotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na magharibi ya nchi yetu, shuhuda zilitolewa katika ushirika mdogo, mbele ya jirani. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Ni vigumu kuongeza chumvi wakati mwenye mbuzi amekaa mkekani pale pale.

Jambo la mwisho katika Maungamo ambalo halina budi kutajwa ni sehemu ya kumi. Msomaji anapofika hapo anatazamia pumziko: Augustino ameongoka katika bustani ya Milano mwaka 386, baada ya kusoma Warumi 13, aya ile ya ulafi na ulevi, amebatizwa, mama amekufa kwa amani. Badala yake askofu anaanza kueleza alivyo sasa, siku anayoandika. Ulevi uko mbali naye, asema, wala hakuwa mlevi kamwe, ingawa amewajua walevi waliofanywa wenye kiasi. Lakini ulafi humnyemelea mara kwa mara. Na sifa za watu bado humpendeza. Mtu mwenye kofia ya uaskofu anakiri mezani pake! Kama ndugu yetu angelipewa nafasi ya kusema, "Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya kilabu dakika kumi," pengine angeliokoka na ile wiki iliyomwangusha. Hatukumpa. Tulitaka habari iliyokwisha.

Daftari la pili tumelisoma mara nyingi. Lina kurasa nne tu, mwandiko wa kubana. Ni la mama mmoja aliyekuwa akitengeneza wanzuki kwa asali ya porini ili apate karo za watoto, na hatuwezi kumhukumu kwa hilo sisi tusiomsaidia karo. Anasema alianza kwa kuonja kama imeiva. Alitumia kijiko cha mtoto. Kisha akawa anaonja pipa ambalo jana yake lilikuwa limeiva tayari. Ameandika jina la binti yake, ambaye siku moja alikificha kile kijiko, na jinsi alivyompiga kwa ajili yake, kisha akakaa chini penye majivu. Hakuna neno Haleluya katika kurasa zote nne. Ukurasa wa mwisho anasema kwamba mpaka leo hapiti njia ya wauza asali sokoni. Anazunguka nyuma ya stesheni.

Tutakusanyika Jumatano baada ya Sala ya Jioni. Waongozaji wa vikundi wasome kwanza Maungamo sehemu ya tisa, sura ya nane. Nakala iko ofisini kwa kasisi, nasi tutaifasiri kwa wasioweza. Mama wa daftari la pili amekubali kusoma mwenyewe, ila ameomba kwamba binti yake awepo, na kwamba tusimwite mbele. Atasoma akiwa amekaa mahali pake.

Ndugu wa daftari la kwanza alikuja Jumapili iliyopita, akiwa amefuatana na mkewe, akaomba arudishiwe daftari lake. Tulimpa. Mkewe ndiye aliyelibeba.